Picha Nyeusi ya Koko

Mama ya maman, koko wetu, hakutaka kabisa kupigwa picha, na mimi picha ndiyo kazi inayonilisha. Basi tulikuwa watu wa kugombana. Kwenye ndoa ya dada yangu aliinama kufunga kiatu kila nilipomwelekezea kamera, na miguuni alikuwa na ndala. Hata kadi ya kupigia kura alikataa kwenda kuichukua kwa sababu ya ile picha yake. Alisema rais atapatikana tu bila uso wake.

Alipokufa, hatukuwa na uso wake. Kwetu Bukavu marehemu hutanguliwa na picha: inatiwa kwenye fremu, mjukuu anaibeba kifuani mbele ya jeneza, na watu wa njiani wanajua ni nani anayepita. Sisi tulibeba msalaba wenye jina. Maman alisikia mwanamke mmoja akiuliza kama yule mzee hakuwa na watoto wa kumtunza. Neno lile lilimkaa moyoni. Misa ya kuondoa kilio ilipokaribia, alikuja kunikalia studioni kwangu, mtaani Muhumba, mkoba juu ya magoti. Akaniambia jambo alilokuwa akilificha: ameanza kumsahau. Sauti bado anayo, lakini uso unamtoroka, na kila asubuhi umefifia kuliko jana.

"Ile picha ya mu jikoni," akasema. "Uitafute."

Nilijua anachosema, na hasira ikanipanda. Jioni moja nilikuwa nimepita kwa maman nikitoka kwenye ndoa, kamera shingoni. Yeye na koko walikuwa jikoni wakichambua maharagwe. Umeme ukakatika, ikabaki mbabula, lile jiko la mkaa, na makaa machache ndani yake. Koko akacheka mule gizani.

"Sasa piga," akaniambia. "Piga tuone utapata nini."

Alikuwa ananichokoza tu. Nami kwa ukaidi nikapiga, mara moja, bila hata kulenga vizuri. Picha ikatoka nyeusi tititi. Koko alipoiona kwenye kioo cha kamera alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Maman, ile picha iko nyeusi. Nyeusi tu."

"Uliifuta?"

"Apana, sikuifuta."

"Basi fungula. Alikuwa mule. Nilikuwa pembeni yake, nilikuwa namugusa na kiwiko."

Haya, nani ataweza kubishana na mama yake? Nikafungua kwenye kompyuta programu ninayopitia picha, ile inayozipanga zote kwenye kioo, ndogondogo, mstari kwa mstari. Bibi harusi, bibi harusi tena, keki, wajomba wenye miwani ya jua, halafu kimraba cheusi. Nikakikuza. Kikawa cheusi kikubwa.

"Unaona sasa?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Maman akasogeza kiti. "Weka mu ile ingine," akasema. "Ile unatoshaka nayo mapele ya ba bibi arusi."

Alimaanisha programu ya kutengenezea picha, ninayoondolea maharusi chunusi. Nikakishika kile kimraba kwa kipanya, nikakikokota mpaka kwenye programu ya pili, kumridhisha tu ili arudi nyumbani. Kamera yangu hutunza picha ikiwa mbichi, na mwanga wote ulioigusa, hata ule ambao jicho haliuoni. Programu ya kwanza inakuonyesha kinakala tu, kitu cha haraka haraka. Ya pili inafungua faili lenyewe. Nayajua hayo, nayatumia kila wiki kuokoa mashela ya maharusi yaliyofutwa na mwanga mkali wa jua. Lakini kwa giza la namna ile sikuwa na imani.

Nikapandisha mwanga. Weusi ukawa kahawia. Nikapandisha tena, ukawa mwekundu, chembechembe zikajaa kioo chote kama unga wa mtama. Halafu mule ndani pakawa na bega.

Mkono wangu ulisimama. Nikaondoa wekundu, nikatuliza zile chembe, na koko akaja: kwanza paji la uso, halafu shavu lililoangaziwa na makaa, halafu mdomo uliofunguka, na lile pengo la meno alilolifunika kwa kitenge maisha yake yote. Safari hii hakufunika kitu. Ule mwanga kidogo uliingia kwenye kamera jioni ile ukakaa mule, siku zote tulizomlilia, na mimi nikipita juu yake kutafuta picha za keki. Niliogopa, woga ule unaokushika kanisani padri anapoinua hostia na watu wote wananyamaza.

Maman hakulia. Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Niko namuona," akasema polepole. "Niko namuona."

Nilipopata nafasi ya kufikiri kama mtu wa kazi, nikaona kasoro. Koko hakuwa akiangalia kamera. Macho yake yalikwenda pembeni, kushoto, chini kidogo. Picha ya misa inatakiwa iwaangalie watu. Nikaanza kueleza kwamba naweza kuyageuza, siku hizi inawezekana. Maman akanishika mkono.

"Ule upande njo nilikuwa nimeikala."

Nikatazama upya: kushoto kwake ndipo maman alipokuwa ameketi jioni ile. Koko niliyemjua mimi hakuwahi kumsifu binti yake hata siku moja. Chumvi ilizidi, mtoto alifungwa vibaya mgongoni, ugali ulikuwa na madonge. Na pale gizani, akiwa na hakika kwamba hakuna anayemwona, alikuwa akimtazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake, jinsi watu wanavyotazama mtoto aliyelala.

"Kumbe alinipenda," maman akasema.

Sikugeuza kitu.

Siku ya misa fremu iliwekwa juu ya meza ndogo mbele ya altare. Familia ilikuwa imetengewa benchi za kulia, na maman, akiwa binti wa kwanza, nafasi yake ilikuwa mwanzoni kabisa. Aliitazama ile nafasi, akachukua mkoba wake, akakatiza mbele ya padri na watu wote, akaenda kubanana na wanakwaya upande wa kushoto, pale macho ya koko yalipokuwa yanaelekea.