Mkono Juu ya Utosi

Hadi leo nikiona mwalimu anamwamuru mtoto apitishe mkono juu ya utosi na kushika sikio la upande wa pili, damu inanipanda. Wanangu wananiambia nitulie, ni desturi tu. Desturi gani? Ni upuuzi, na ulinigharimu mtoto ambaye sikumzaa.

Miaka ile, pale Uvira, watoto wengi hawakuwa na karatasi ya kuzaliwa. Basi shuleni walipima umri kwa mkono. Ukifika sikioni, unaingia mwaka wa kwanza. Usipofika, rudi mwaka ujao. Mtoto wa nyumba yenye samaki na maharage alifika mapema, maana mkono wake ulirefuka. Mtoto aliyelala na njaa alikataliwa, akakataliwa tena, huku wadogo zake wakimpita mlangoni. Njaa ilimnyima kimo, kisha ikamnyima na kalamu. Na wakubwa wa shule walilisema jambo hilo bila haya, wakiwa wamevaa tai.

Baada ya uhuru, yule mtawa mzungu aliyefundisha watoto wadogo alirudi kwao. Aliniachia chumba kando ya kanisa mtaani Kilibula, ngoma moja ndogo, na amri kwamba watoto wakae wamekunja mikono kifuani. Asubuhi ya kwanza nilitoa mabenchi nje. Mtoto wa miaka mitano hajifunzi kwa kukaa kama maiti. Kulia na kushoto niliwafundisha kwa kukanyaga chini. Kuhesabu tuliruka kamba ya nyavu, kila mruko na namba yake. Kufunga vifungo, kunawa uso, kukunja nguo, vyote vilikuwa na wimbo wake na mwendo wake. Wazazi wengine walinuna. Baba mmoja alikuja kuniuliza, “Madamu, watoto wanakuyaka kusoma ao kucheza?” Nikamwambia, “Rudi ku nyumba, muulize wako mafiga iko ngapi.” Hakurudi kuuliza tena.

Kisha nikaushambulia ule mtihani wa mkono. Niligundua kuwa mkono mfupi unafika kama shingo italala kidogo na bega likipanda, lakini mtoto akiambiwa hivyo anakakamaa. Akiimba, anafika. Nikawatungia wimbo:

Mukono, panda mulima,
fika ku juu, ona ziwa,
shuka polepole ng'ambo,
sikio iko inakungoja.

Kila asubuhi tuliupanda mlima huo, huku napiga ngoma. Mwalimu mwenzangu wa darasa la tano, kijana mcheshi kutoka bondeni, alikuja kwanza kutucheka. Baadaye akawa anakuja kutupigia makofi. Watoto walimpenda, wakining'inia mikononi mwake kama ndizi. Nami nilimpenda, sitaficha, kwa sababu alikuwa mwanamume pekee pale aliyeona kuwa ninafanya kazi.

Mtoto ninayemsema alikuwa mdogo wa mwili, mwenye kichwa kikubwa. Shule ilikuwa imemrudisha mara mbili, na wenzake wa rika walikwisha kujua kusoma. Mama yake alikuwa akiuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Mtoto yule alifanya mazoezi kuliko wote, hata njiani akienda kuchota maji. Siku vidole vyake vilipogusa sikio, alibaki amelishika, hataki kuliachia, mpaka tukaanza somo lingine. “Sasa weye mukubwa,” nikamwambia. Ndivyo nilivyosema.

Kabla shule haijafunguliwa, waasi waliuchukua mji. Mwalimu mwenzangu alikuwa miongoni mwao, tena si mdogo, kamanda. Alirudi Kilibula amevaa ngozi ya mnyama kichwani na majani shingoni, amechanjwa, amenyweshwa dawa ya kuzuia risasi. Mtu aliyekunywa dawa hiyo haguswi na asiyeinywa, hasa mwanamke. Akiguswa, dawa inakufa. Watoto walipomkimbilia wamshike mikono kama zamani, wapiganaji wake waliwarudisha kwa mipini ya mikuki. Yeye akatazama pembeni.

Wiki hiyohiyo alitangaza sokoni kuwa anahitaji watoto wa kubeba risasi hadi vitani Luvungi. Jumamosi wote waletwe kwenye uwanja wa kanisa. Atakayeshika sikio ni mkubwa, atapanda lori. Asiyelishika atabaki na mama yake. Akaongeza na methali, mwalimu hasahau ualimu: samaki mkunje angali mbichi. Niliposikia hivyo nilitamani kumtemea mate. Kipimo kilekile nilichokuwa nikikipiga vita pamoja naye, amekichukua akakipeleka vitani.

Akina mama walikuja kwangu wakilia. Nikawaambia waniletee watoto, na siku zilizobaki nikafundisha kinyume cha kazi yangu. Shingo iwe wima, kama umebeba mtungi. Bega lisipande. Mkono ukifika juu ya utosi, umechoka, unarudi nyumbani. Hakuna somo lililowahi kunichukiza kama lile. Watoto nao walilichukia. Miezi mizima nimewasifu kwa kufika, leo nawasifu kwa kushindwa. Yule mtoto mwenye kichwa kikubwa alikataa kabisa.

“Madamu, minye niko mukubwa. Weye njo ulisema.”

“Jumamosi utakuwa mudogo. Siku moja tu.”

“Na kama shule inaniona ninashindwa?”

Nilimwambia shule haipo tena, na huo ulikuwa ukweli. Mama yake alimshika mabega akamtikisa, akamwapisha. Akaapa. Lakini midomo ilikuwa imevimba kwa uchungu.

Jumamosi watoto walipangwa mstari mbele ya lori. Wa kwanza akainua mkono, ukaishia utosini. Wa pili vilevile. Wa tatu hata alijifanya analia, nikajivunia. Kamanda akawatazama, kisha akanitazama mimi. Alijua. Nani angejua kuliko yeye? Nilitazamia atoe fimbo. Hakutoa. Alitabasamu lile tabasamu lake la zamani, akaanza kupiga makofi, taratibu, kwa mdundo wetu. Akaimba.

Mukono, panda mulima.

Mungu anisamehe chuki niliyo nayo kwa sauti ile. Watoto hawakuamua chochote. Mwili uliofundishwa kwa ngoma hauulizi ngoma inapigwa na nani. Mabega yakaanza kupanda, shingo zikalala. Yule mtoto wangu wa kichwa kikubwa alikuwa wa kwanza. Alishika sikio, akacheka, maana hatimaye mwalimu wa shule kubwa alikuwa anamwona. Wengine wawili wakafuata. Mstari mzima ulikuwa umekwisha kufika juu, unaanza kuteremka ng'ambo.

Nikamrukia. Nilimshika mikono yote miwili nikaibana, makofi yakakoma. Watoto waliobaki wakaishusha mikono yao wakanitazama. Wapiganaji wake wakarudi nyuma, si kwa kuniogopa mimi, bali kwa kumwogopa yeye, kwa sababu dawa yake ilikuwa imekufa na sasa alikuwa mtu mtupu kama mimi, wa kutoguswa. Nilihisi viganja vyake. Vilikuwa na jasho.

“Umeniua,” akasema polepole.

“Bado,” nikamwambia.

Walinipiga kwa mipini mpaka bega likateguka, na hadi sasa halipandi sawasawa. Yeye aliwaambia waache, sijui kwa nini, wala sitaki kumshukuru. Ilimbidi aondoke haraka kwenda kutafuta dawa upya, na hakuna aliyetaka kuendelea na upimaji. Lori likaenda na wale watatu walioshika sikio. Mtoto wangu alikaa nyuma juu ya masanduku. Hakulia. Alikaa kama mtu mzima anayekwenda kazini.

Wawili walirudi kwa miguu baada ya jeshi kuyavunja maasi, wamekonda. Yeye hakurudi. Wale wawili walisema kuwa kulipoanza kupigwa risasi aliambiwa atembee moja kwa moja mbele, asigeuke, naye akatembea. Alikuwa mwanafunzi mtiifu. Kamanda nilisikia alivuka ziwa, na huko aliko natumaini hapati usingizi. Watu huniambia nisamehe. Wasamehe wao, waliobaki na watoto wao.

Shule ilipofunguliwa tena, mkubwa mpya alisimama mlangoni siku ya kwanza akiwapima watoto kwa mkono, kana kwamba hakuna kilichotokea duniani. Nilikwenda kumwambia anachokifanya ni nini. Nikapanga mstari pamoja na wazazi. Mbele yangu kwenye mstari alikuwa yule mama wa ndagala na binti yake, dada mdogo wa mtoto wangu, mrefu, mwenye mikono ya kufika sikioni na zaidi. Binti aliinua mkono, ukapita utosini, ukaanza kushuka. Mama akamshika kiwiko, akakizuia pale pale juu.

“Huyu angali mudogo,” akasema.

Mkubwa akamtazama binti, akamtazama mama, akasema arudi mwaka ujao. Mama akasema asante.