Popo na Mkalimani Wake

Jirani yangu anavunja ukuta wa uani wiki hii, na mafundi wake wanamwagia kifusi maji ili vumbi litulie. Ile harufu ya saruji kuukuu iliyolowa inanitia hasira, wala sitaki kuwaficha ninyi mnaonisoma: nimefunga madirisha yote, na joto hili, ili isinifikie. Niliivuta ya kutosha nikiwa na miaka tisa, huko Guangzhou, miaka ile ambayo kila ukiamka unakuta jengo jipya limechomoza palipokuwa na matuta ya mboga.

Baba alikuwa ofisa mipango miji wa halmashauri, akapata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamivu. Alikwenda China kuandika habari za Marekani. Msicheke, Mama alishacheka kwa niaba yenu. Profesa wake alikuwa akichunguza jinsi miji mikubwa inavyokua, akamgawia Chicago, na Baba, ambaye hajawahi kukanyaga Marekani, akaijua Chicago kuliko alivyoijua njia ya sokoni. Alijua reli iliingilia wapi, moto mkubwa ulikula mitaa ipi, na barabara pana za magari zilipitishwa juu ya vibaraza vya akina nani. Watanzania waliokuja kununua nguo barabara ya Guangyuan Xilu walimwita Meya. "Shikamoo Meya, Chicago hawajambo?" Naye aliitikia kwa uzito, kana kwamba ametoka huko asubuhi ile.

Aliyetulisha ni Mama. Alishinda kwenye maghorofa ya nguo za jumla karibu na stesheni, akichambua jinzi na blauzi za kupeleka Dar, akarudi miguu imevimba. Kwa hiyo mimi, nikitoka shule, nilikuwa wa Popo.

Popo maana yake bibi, na ndivyo watoto wote tulivyomwita mwenye nyumba wetu. Mtaa wenyewe ulikuwa kijiji kilichomezwa na jiji, nyumba zimebanana hata ukiishiwa chumvi jirani anakupa kupitia dirishani. Popo alizaliwa palepale, enzi za mashamba. Alinipikia supu ya samaki yenye tangawizi ya kuwasha koo, akanifokea nikikaa sakafuni, na alijitwika kazi ya kunisuka nywele. Alisuka vibaya, mafundo matupu. Mama alizifumua kila Jumamosi, na kila Jumatatu Popo alianza upya.

Siku moja tulikuta ukuta wetu umepakwa herufi moja nyekundu, imezungushiwa duara: bomoa. Watu wa mradi walipita mlango kwa mlango na karatasi. Anayetia saini mapema angepewa fleti hapo karibu. Atakayesuasua angepelekwa mbali. Mama hakuzunguka. "Nyumba hii ikivunjwa, wewe unarudi Tanga kwa shangazi yako. Mimi siwezi kuhangaika na mizigo, chumba na mtoto."

Shangazi yangu wa Tanga alikuwa na fimbo ya mpera, na hakuitumia kufukuzia kuku.

Jumapili mchana Popo alipanda ngazi hadi kwetu, ameshika mfuko wa machungwa kwa mikono miwili, kama mtu anayekwenda kwa msomi. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumba. Baba alisomeshwa Kichina mwaka mzima kabla ya kuanza masomo, lakini kila alipofungua mdomo wauza mboga walikufa kwa kicheko, basi aliniachia mimi niseme. Popo naye, ambaye lugha yake ni Kikantoni, alikizungumza Kichina cha shuleni taratibu, neno baada ya neno.

"Muulize baba yako," alisema. "Katika ule mji anaousoma, waliokataa kuhama walibaki na nyumba zao?"

Nikafikisha. Baba akavua miwani. "Mwambie hapana, hakubaki hata mmoja. Waliochelewa walipata kidogo na kutupwa mbali. Atie saini wiki hii hii."

Nikamgeukia Popo. Nilikuwa nimeshaiona ile fimbo akilini. Nikasema, kwa Kichina kilichonyooka, "Baba anasema waliokataa walibaki. Anasema usitie saini."

Popo aliushika mkono wa Baba kwa mikono yake yote miwili, akautikisa. Baba aliinamisha kichwa, akavaa miwani, akarudi kwenye Chicago yake.

Popo hakutia saini. Majirani waliondoka mmoja mmoja, umeme ukakatwa, kisha maji. Sisi tulihamia chumba cha wanafunzi chuoni. Baba alirudi kwa Popo kila Jumamosi na daftari na kamera, mara nyingine akanichukua nimuulizie amelala vipi, amekula nini, amebeba ndoo ngapi. Nilimwona ana huruma sana. Nilitembea nyuma yake juu ya vifusi vilivyolowa, nikitamani kumwambia, nikiogopa kumwambia.

Wiki ya tano Popo aliteleza na ndoo ngazini, akavunjika nyonga. Mwanawe alikuja kumbeba mgongoni, nyumba ikaangushwa kesho yake. Walipelekwa mbali, upande wa Huadu, mbele ya Shiling, hakuna aliyetuambia hasa wapi. Na mimi Tanga nilipelekwa vilevile.

Nilikua na jambo hilo tumboni. Wageni wakinisifu kwamba mtoto huyu ana kichwa, anaongea Kichina, nilitoka nje. Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Mwaka jana Baba alistaafu, akaniachia maboksi ya vitabu nipange. Ndipo nikaisoma tasnifu yake kwa mara ya kwanza. Sura ya tano inawalinganisha waliohamishwa Chicago na mkazi mmoja mzee wa Guangzhou. Ameandika, kwa Kiingereza chake cha suti na tai, kwamba mkazi huyo alikataa kuhama "baada ya kupewa taarifa isiyo sahihi na mkalimani, jambo lililompa mtafiti nafasi adimu ya kufuatilia mkasa wa aina hii tangu mwanzo."

Nilimpigia simu. "Baba, siku ile ulielewa nilichomwambia Popo?"

"Nilielewa, mwanangu. Lakini Chicago yangu ilikuwa ya makaratasi tu. Wote walikwisha kufa. Nilihitaji mmoja aliye hai." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayefariji, "Ile sura profesa aliisifu kuliko zote."

Nilikata simu. Nimejichukia miaka ishirini nikiamini kuwa Popo nilimdanganya peke yangu. Kumbe tulimdanganya wawili, na mtoto alikuwa mmoja tu.