Kijito Kisichofika Mtoni

Walimwita Bwana Sentimita, kwani kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kusoma kina cha maji kwenye nguzo ya kijito cha msimu. Kijito kilishuka kutoka vilima vya mawe, kikapinda mara tatu, kisha kikaingia mto mkubwa. Tangu wachimba mawe wakizibe kule juu, misimu mitatu ya mvua ilipita bila tone kufika kwenye nguzo. Yeye aliendelea kuandika sifuri, akijipa moyo.

Asubuhi moja akaja mchora ramani, binti wa rika la kifungua mimba wake. Waliufuata mchanga mkavu kwa miguu mpaka mdomoni mwa kijito. Mto ulikuwa umerundika tope pale, na watu wamekwisha kupanda mahindi juu yake.

“Mzee wangu, hapa sina cha kuchora,” binti alisema kwa upole.

“Chora hata nukta nukta, mwanangu.”

“Nukta ni za kijito kinachorudi.”

Bwana Sentimita aligeuka, akashika njia ya nyumbani. Nyumbani, mkewe alimuuliza kama kesho angekwenda kupima.

“Nikapime nini, mama watoto?” akasema, akavua viatu na kujilaza, uso ukutani.