Tone la Maji la Mama Sindano

Ukitaka kumkasirisha Mama Sindano, mwambie elimu ni ya watoto. Fundi cherehani huyu aliacha shule mapema, akaolewa, akalea, akashona sare za watoto wa mtaa mzima, na alipokwisha kumwoza binti yake wa mwisho akajiandikisha darasa la watu wazima. Waliomcheka walikuwa wengi, naye akatia pamba masikioni.

Mwalimu alimtaka kila mmoja achague mwanasayansi wa zamani, asome maisha na kazi yake, kisha asimulie mbele ya wenzake na jamaa waalikwa, na aonyeshe jambo moja likaonekana kwa macho. Atakayeshindwa asingefanya mtihani wa cheti mwaka ule. Mama Sindano akamchagua mfanyabiashara wa vitambaa wa karne ya kumi na saba, mtu ambaye hakukanyaga chuo kikuu, aliyesugua lenzi zake mwenyewe akawaona viumbe wadogo mno wakiogelea ndani ya tone la maji. Alimwambia mama mkwe wake kwamba huyu ni mwenzake kabisa, maana wote wawili wamelishwa na vitambaa.

Mama mkwe ndiye aliyembeba, na hilo lisemwe wazi. Miezi yote ile alipika yeye, alifua yeye, na wateja wasumbufu aliwafukuza mlangoni kwa maneno ambayo hayaandikiki. Mama Sindano akapata wasaa wa kusoma, na wa kuyeyusha kijiti chembamba cha kioo kwenye moto mpaka ncha yake ikajikusanya kuwa shanga ndogo, safi. Shanga hiyo akaibana katikati ya vipande viwili vya bati vilivyotobolewa, ikawa lenzi. Akachota maji ya mtaroni kwenye chupa, akachungulia tone moja, akalazimika kuketi. Viumbe walikuwa wakikimbizana humo kama wanafunzi waliosikia kengele ya kwenda nyumbani.

Siku ya siku alisimulia vizuri, hata wale wanaosinzia tangu somo la kwanza wakawa macho. Kisha akadondosha tone kutoka kwenye chupa yake, akamkaribisha mwalimu. Mwalimu akachungulia, akafikicha jicho, akachungulia tena, akasema haoni kitu. Mama Sindano akatazama mwenyewe. Maji matupu. Akauona mtihani wa cheti ukimponyoka.

Mama mkwe akasimama kutoka benchi la nyuma.

"Mwanangu, hiyo chupa niliikuta jikoni. Nikajua umejifungashia maji ya kunywa huku. Nimeyachemsha, nikayachuja."

Darasa likaangua kicheko. Mama Sindano alitamani ardhi ipasuke, na kwa mara ya kwanza siku ile alimkasirikia yule mama kwelikweli. Lakini hasira haifaulishi mtu. Akatoka hadi kwenye pipa la maji ya mvua, akarudi na tone jingine, akaliweka chini ya lenzi. Mwalimu alipoinama safari hii hakutaka kuondoka. Basi Mama Sindano akawapanga watu wote mstari, watazame kwanza maji ya pipa, kisha yale yaliyochemshwa, na waseme wenyewe moto umefanya nini. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi: mwalimu alitangaza palepale kwamba mtihani ataufanya.

Mama mkwe alikuja wa mwisho. Aliinama muda mrefu.

"Hawa ndio ninaowachemsha miaka yote?"

"Hao, mama, na wengine wadogo zaidi, wanaoleta maradhi."

Bibi yule hakuinua uso. Akaeleza taratibu kwamba mtoto wake wa kwanza alikufa kwa tumbo la kuhara, na muuguzi akamwambia tangu leo chemsha. "Nikachemsha kwa woga tu. Sikujua nafukuza nini."

Mama Sindano akakumbuka alivyokuwa akinuna kila mwezi kwa ajili ya mkaa uliokwisha kabla ya wakati, na sufuria ile isiyotoka jikoni. Alikuwa ameshamshukuru mwalimu, ameshawashukuru wenzake, huyu bado. Akamshika mama mkwe mkono.

"Mama," alisema, "mimi sijazika mtoto."