Mbuzi Ambaye Isidori Hakumwiba

Mbuzi wa Tomaso alipotea Jumatatu. Jumatano asubuhi jirani yake, mzee Isidori, alivaa koti la kanisani, akashuka hadi ofisi ya kijiji cha Mogitu.

"Shikamoo mzee," alisema Rogathe, mtendaji wa kijiji.

"Marahaba. Andika kwamba mbuzi wa Tomaso nimemwiba mimi."

Isidori alikuwa na miaka sabini na moja. Mkewe alifariki mwaka juzi; majirani walikaa naye siku saba, kisha wakabeba viti vyao wakaondoka. Watoto wake wako Arusha, wanapiga simu Jumapili mtandao ukikubali. Tangu Ijumaa hadi Jumatatu asubuhi alikuwa hajaongea na yeyote ila ng'ombe wake. Ndipo Jumanne akaona watu kumi na zaidi wamejaa kwa Tomaso, wanaulizana habari na kunywa chai, kwa ajili ya mbuzi mmoja.

Mchana watu wakakusanyika ofisini. Isidori akapewa kiti cha mbele.

"Mbuzi mwenyewe ana rangi gani?" Rogathe aliuliza.

"Mweusi."

"Mweupe," alisema Tomaso.

"Macho yangu siku hizi si mazuri."

Judica, anayekaa ng'ambo ya korongo, alisema Jumatatu asubuhi yote alimwona mzee amekaa mlangoni kwake. Hakwenda kumsalimia kwa sababu alidhani anasubiri mgeni. Sada, mwenye duka karibu na ofisi, alisema mchana ule mzee alikuwa dukani kwake. Aliuliza bei ya kila kitu, hadi viatu vya watoto, akanunua kiberiti, akabaki mpaka duka linafungwa. Yeye Sada alidhani mzee anapumzika tu kwa kuwa miguu inamuuma.

"Na mimi nilidhani umeninunia," alisema Tomaso, "kwa ajili ya lile jiwe la mpaka wa mashamba yetu. Ndiyo maana sijafika kwako tangu mavuno."

Isidori alisikiliza kana kwamba anasimuliwa habari za mtu mwingine. Hakujua kwamba anaonekana kiasi hicho.

"Sasa mzee, kwa nini umejisingizia?" Rogathe aliuliza.

"Niliona kwa Tomaso kuna watu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Simu ya Bura, mgambo, ikaita: mbuzi ameonekana Gendabi, amejichanganya na kundi la wafugaji. Rogathe alikata maelezo yote aliyokuwa ameandika kwa mstari mmoja, akasema kudanganya ofisi nako ni kosa, kwa hiyo kesho Isidori atafuatana na Tomaso kumchukua mbuzi.

Walikwenda kwa miguu. Tomaso aliongelea jiwe la mpaka njia nzima, na Isidori alimbishia njia nzima, mmoja akivuta kamba na mwingine akiswaga. Walirudi jioni bila kuafikiana. Tomaso akasema Jumamosi atakuja na kamba, wapime upya.

"Njoo mapema," alisema Isidori. "Itachukua muda."