Macho ya Baba Mkwe

Mafunzo yalikuwa Kitale, siku mbili, chai na mandazi ya kutosha. Sisi wasimamizi wa madereva wa malori tulifundishwa kumtambua dereva asiyefaa kushika usukani siku hiyo: msikilize anavyoongea, mwangalie anavyotembea, na zaidi ya yote mtazame machoni. Ukishuku, mwite kando, chukua ufunguo, usimtukane.

Nilirudi Bungoma kichwa kimevimba. Kila asubuhi nilisimama getini nikiwakodolea macho madereva mpaka mmoja akachoka. "Ati unatafuta jicho gani? Mimi niko na mawili tu, bana."

Niliwatazama wote isipokuwa baba mkwe wangu. Yeye ndiye dereva mkongwe pale yadini, na kwetu mtu hamkazii mkwewe macho. Nilimsalimu nikiangalia viatu vyake, kisha nikamfungulia geti. Tena ni mzee wa kanisa, hajawahi kuonja pombe, hata busaa ya kienyeji. Sikuona haja ya kumpima.

Jumatano moja alitakiwa kupeleka mbolea Kapsokwony, kwenye ile miteremko mikali ya mlimani. Alipopanda lori mguu ukakosa kidato. Akajaribu tena, ukakosa tena. Niliona aibu kuinua uso, lakini niliuinua. Macho yake yalikuwa mazito, kama ya mtu aliye katikati ya mahubiri marefu.

Nilimwita nyuma ya ofisi. "Baba, leo hautaenda. Naomba ufunguo."

Aligeuka akalitazama lori lake. Nilishaanza kuwaza nitamweleza nini mke wangu jioni. Mwishowe akatia mkono mfukoni, akanipa.

"Ni hii dawa ya homa," akasema. "Inaleta usingizi mbaya."

Hakukasirika hata kidogo. Dereva mwingine alichukua lori, nami nikamtandikia mzee magunia matupu ofisini, nikamletea chai ya tangawizi. Nilifurahi, sitaficha. Nilijiona msimamizi kamili, tena mkwe mwema, na nikatamani yule mwalimu wa Kitale angekuwepo anione.

Akiwa anajilaza nikamuuliza alianza lini kumeza hizo dawa.

"Jumatatu," akasema, macho tayari ameyafumba. "Hata jana nilienda Kapsokwony nikiwa hivi hivi. Si ni wewe ulinifungulia geti?"