Nesi Efrazia na Macho ya Mwalimu Fanueli

Efrazia Singano alikuwa nesi wa zahanati ya kijiji kimoja cha ujamaa juu ya Soni, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwenye mikono ya upole na moyo usiopenda kushindwa. Sataranji alifundishwa na mtawa mmoja Mjerumani alipokuwa akisoma shule ya Kifungilo, na tangu apangiwe kazi kijijini hakupata wa kucheza naye ila Mwalimu Fanueli. Mzee huyu alikuwa Mlutheri aliyestaafu ualimu, na sasa alifundisha kisomo cha watu wazima. Kila Jumapili, mmoja akitoka ibadani na mwingine akitoka misa, walikutana barazani kwa mzee wakapanga kete.

Mwalimu alipenda nyeupe, na siku zote alianza kwa kumpeleka askari wa malkia hatua mbili mbele. Efrazia alimzuia kwa askari wa malkia wake, kisha mchezo ukaenda taratibu mpaka chai ikapoa. Mara nyingi mzee ndiye aliyeshinda.

Mwezi wa tatu mwaka 1974 Mwalimu alikuja zahanati, akasubiri wagonjwa wote waondoke. Efrazia alimmulika kwa tochi, akaona utando mweupe machoni kote kuwili.

"Ni mtoto wa jicho, Mwalimu. Inabidi uende hospitali kubwa."

"Nitakwenda mwezi wa nane, darasa likishafanya mtihani. Wakijua sioni watanitoa, na wale kina mama ndio kwanza wanaanza kusoma barua za watoto wao. Hili nimemwambia nesi, sikumwambia jirani."

"Halitatoka hapa, Mwalimu."

"Na sataranji unachezaje?" Efrazia akaongeza.

Mzee akacheka. "Mchezo wetu wa polepole naujua kwa kichwa. Kete haziendi mbali, nakumbuka kila moja ilipo. Zikianza kurukaruka ndipo ninapopotea."

Mwezi wa sita, bwana utamaduni wa wilaya, jina lake Sheshe, alitangaza mashindano ya sataranji, mechi ya mwisho ichezwe siku ya Saba Saba. Wilaya nzima walijitokeza watu tisa. Mshindi angekwenda Tanga kushindana na wilaya nyingine, na Efrazia alilitaka jambo hilo kuliko alivyothubutu kumwambia mtu. Hakuwahi kutumwa popote kwa ajili ya kitu alichokiweza yeye mwenyewe.

Aliwashinda wawili, Mwalimu akawashinda wawili, na mechi ya mwisho ikapangwa kuwa kati yao. Kura ikampa Efrazia nyeusi. Siku mbili kabla ya mechi alitoa sandukuni daftari lake la shule. Humo alikuwa amenakili ufunguzi mmoja mkali aliofundishwa na yule mtawa: mweupe akianza na askari wa malkia, mweusi anamtoa farasi, na hatua ya pili anamtoa askari wa mfalme aliwe bure. Baada ya hapo kila kitu kinaruka, na asiyeona vizuri amekwisha. Efrazia alijiambia kwamba anautaka kwa sababu ni mzuri. Alipofunga daftari alijua kuwa anajidanganya.

Siku ya Saba Saba ukungu uliishika Lushoto, mji mkuu wa wilaya, tangu asubuhi, na watu waliingia ukumbini wamevaa masweta. Mwalimu akampeleka askari wake mbele kama kawaida. Efrazia akatoa farasi. Mzee akaongeza askari wa pili, naye Efrazia akamtoa wa kwake aliwe. Mwalimu aliinamia ubao mpaka pua ikakaribia kete, akamla. Farasi mweusi akaruka mbele. Askofu mweusi akamtishia mfalme, malkia mweusi akasimama nyuma ya farasi. Mzee aligusa kete zake moja moja kwa ncha ya kidole, kama anayehesabu mayai gizani. Hatua ya nane alimla yule askofu kwa furaha, na hapo hapo farasi wa Efrazia akatua mbele ya mfalme mweupe, aliyezibwa pande zote na watu wake mwenyewe.

Mwalimu akanyanyua askari amle farasi.

"Hairuhusiwi, Mwalimu," Sheshe akasema. "Ukimwondoa huyo, malkia wake anamwona mfalme wako."

"Malkia yuko wapi?"

Malkia alikuwa kwenye mstari wa mfalme, hana kitu mbele yake ila askari yule, na hata waliokaa mlangoni walimwona.

"Yuko pale, Mwalimu," Efrazia akasema. Mfalme mweupe hakuwa na pa kukimbilia, na mchezo ukaishia hapo.

Wiki iliyofuata katibu wa kijiji alimtoa Mwalimu darasani. Efrazia alikwenda kuomba mzee aendelee kufundisha kwa mdomo, yeye amwandikie ubaoni. Katibu akajibu kuwa limeshaamuliwa. Mwalimu mpya alifika mara mbili tu kabla ya mtihani, na kina mama wengi wakashindwa. Huko Tanga Efrazia alipoteza michezo yote miwili, na hakusikitika.

Aliporudi alikwenda barazani kwa mzee.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, nesi." Zamani alimwita mwanangu.

"Ule mchezo niliuchagua kwa sababu ya macho yako."

"Nilijua ulipomtoa yule askari. Kwanza nikasema, amechoka kushindwa, ni haki yake. Kisha nikakumbuka nilichokuambia zahanati."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila kucheza nawe tena sitaweza."

Binti yake Marta ndiye aliyempeleka hospitali, na jicho moja likapona. Akawa anapita njiani na miwani yake, anaitikia salamu ya Efrazia kwa heshima zote, anakwenda zake. Efrazia aliona afadhali angemnunia.

Mwalimu alifariki mwaka 1981. Msibani Marta alimfuata Efrazia, akamwomba aseme maneno mawili kuhusu baba, kwa kuwa ndiye aliyecheza naye miaka mingi. Efrazia akasema amebanwa na kifua. Akaenda nyuma ya nyumba walikokuwa wanawake, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi, na ibada ilipoanza hakutoka.